Rangi Nyekundu Kichwani mwa Kibanio

Wifi yangu si mtu wa kupendeka, na nasema hivi huku nakaa kwake. Mtaa mzima unamwita Bi Pasi. Ni dobi. Ana mashine ya kufulia iliyokufa zamani, anaitumia kama meza, ana pasi mbili za umeme na moja ya mkaa kwa siku za giza, na ana mdomo ambao haujawahi kukatika kama umeme unavyokatika. Mteja akileta shati lenye doa la wino, kwanza anasemwa. Alikuwa anaandika au alikuwa anaoga? Mkewe haoni? Hana haya? Akishasemwa vya kutosha ndipo shati linapokelewa. Na watu wanarudi, kwa sababu doa likiingia kwa Bi Pasi limekwisha.

Mimi ni dada wa mume wake. Ndoa yangu ilipovunjika nilikuja hapa na begi moja, nikasema ni kwa wiki mbili, na huu ni mwaka wa sita. Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo nyumbani kwake yeye ndiye mgeni. Tunabaki wanawake wawili, kamba kumi na mbili za kuanikia, na mbwa.

Mbwa anaitwa Kibanio. Jina alipewa na wifi, maana akishika kitu haachii mpaka umbembeleze. Kabla yake nguo zilikuwa zinaota miguu kwenye kamba. Siku moja ziliota miguu sare kumi na moja za wauguzi, ikabidi wifi aende mwenyewe hospitali kumweleza muuguzi mkuu. Aliporudi hakusema neno mpaka jioni, na kwa Bi Pasi huo ni ugonjwa. Tangu Kibanio apate meno, haijapotea hata soksi. Wifi anampenda yule mbwa kuliko anavyonipenda mimi. Sisemi kwa wivu. Haya, kwa wivu kidogo.

Sasa, Jumatatu moja akaja msoma mita wa maji. Mita yetu iko uani, na yule wa zamani alikuwa mtu na adabu zake: anagonga, anaita, anasubiri. Huyu mpya akaona kugonga ni kupoteza muda. Akapitia penye pengo la ukuta kule nyuma, akajipenyeza katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Kibanio akaona mashuka yana miguu. Akabana mguu mmoja, nyuma, penye nyama.

Nilipofika yule mtu alikuwa chini analia kwa sauti ya mtoto, na wifi amepiga magoti anamwosha kidonda kwa sabuni ya kufulia, maji yanatiririka, huku anamtolea uvivu. "Nani alikutuma uingie uani kwa watu kama mwizi? Mlango huuoni? Tulia! Tulia nikuoshe, mjinga wewe!" Alimwosha robo saa nzima bila kuacha kumtukana, kisha akamtafutia bodaboda ya kumpeleka hospitali. Hivyo ndivyo alivyo. Mkono unakuhurumia, mdomo unakumaliza.

Jumanne asubuhi akaja afisa mifugo na karatasi. Akauliza kadi ya chanjo. Wifi akaitoa kwa madaha, maana miezi minane nyuma tulikuwa tumempeleka Kibanio kwenye siku ya chanjo, kwenye kliniki ya mifugo iliyo nyuma ya soko, na foleni tulipiga. Afisa akaifungua kadi, akaitazama, akaigeuza tuione. Palikuwa na nafasi mbili. Ile ya chanjo ya homa ya mbwa ilikuwa na muhuri. Ile ya kichaa cha mbwa ilikuwa nyeupe.

"Hii ndiyo niliyoitaka, mama," akasema, "na ndiyo haipo."

Akatueleza utaratibu. Mbwa aliyeuma mtu na hana chanjo ya kichaa, Ijumaa saa nne apelekwe kliniki achomwe sindano ya mwisho. Lakini kama daktari aliyemchanja ataandika na kutia saini kwamba alimchanja, basi mbwa atafungwa kliniki siku kumi aangaliwe, akiwa mzima atarudishwa. Msoma mita yeye ameshaanza sindano zake kwa vyovyote vile. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: saini ya Daktari, kabla ya Ijumaa saa nne.

"Saini tu?" wifi akasema. "Kesho nakuletea. Na nitamletea na yeye mwenyewe Daktari, nimemshika sikio."

Jumatano tukaenda. Kwenye benchi la kliniki palikuwa na mama mwenye paka ndani ya kikapu cha sokoni, mzee na kuku wake watatu ndani ya boksi, na muuza mkaa na dume lake la mbwa, kubwa kama ndama. Daktari ni mtu mfupi mwenye buti za mpira, na ana tabia mbaya ya kuongea na wewe amekupa mgongo. Alikuwa anaosha mabomba ya sindano.

"Daktari, ulimchanja mbwa wangu chanjo ya kichaa. Kadi haina muhuri. Tia muhuri niende zangu, nguo za watu zinaningoja."

"Ningemchanja, muhuri ungekuwepo," akauambia ukuta.

"Wifi yangu huyu hapa ndiye aliyemshika. Eti wifi, alimchoma hakumchoma?"

"Alimchoma," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Siku ile nilichoma mbwa mia mbili na kumi," akasema. "Nisaini kwa maneno ya wifi yako? Wifi ni ndugu. Nikianza kusaini kwa maneno ya mawifi, mji mzima utakuwa umechanjwa."

Hapo msaidizi wake, dada mmoja mpole anayeandika kadi, akaingilia ili mambo yapoe. Akaeleza walivyofanya kazi siku ile. Mbwa walikuwa wengi, wanang'atana, karatasi zinapeperuka, hakuna aliyeweza kuandika. Kwa hiyo paliwekwa meza mbili. Meza ya kwanza, chanjo ya homa, na mbwa anapakwa rangi ya bluu mgongoni. Meza ya pili, chanjo ya kichaa, anapakwa nyekundu kichwani. Kila mtu akaondoka na mbwa wake wasije wakauana, wakarudi alasiri, mmoja mmoja, dirishani. Yeye akamtazama mbwa, akaona rangi, akapiga muhuri kufuatana na rangi. Hata daftari la kliniki liliandikwa hivyo hivyo.

"Mbwa wenu alikuja na bluu peke yake, mama. Nakumbuka kwa sababu wa rangi moja walikuwa wachache."

"Basi ilifutika!"

Daktari akageuka kwa mara ya kwanza. "Ile ni rangi ya kuwekea ng'ombe alama. Inakaa na mvua, inakaa na matope. Haitoki mpaka mtu akae chini aisugue kwa mafuta ya taa."

"Nani akae chini amsugue mbwa kwa mafuta ya taa?" wifi akasema. "Kichaa?"

Na kichaa mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, kashika pochi kwa mikono miwili.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile ya chanjo niliunguza gauni la bibi harusi. Alama ya pasi, kifuani. Wifi hakupiga kelele. Aliniambia taratibu, "Wifi, ukiniharibia kitu kingine cha mtu, begi ulilokuja nalo liko juu ya kabati." Basi. Siku ya chanjo yeye alimpitisha Kibanio meza ya kwanza, akaniachia kamba, akaenda kupeleka nguo. Mimi nikampitisha meza ya pili, nikamrudisha nyumbani rangi ikiwa bado mbichi kichwani. Nikageuka kidogo kufunga geti. Nilipogeuka tena, Kibanio alikuwa anajifuta kichwa, kwa raha zake, kwenye shuka jeupe la nyumba ya wageni. Mashuka arobaini yalikuwa juani siku ile, na yeye akachagua lililo katikati.

Nilitoka jasho mpaka miguuni. Nikalianua lile shuka, nikalipiga sabuni, dawa ya madoa, limau, mafuta ya taa, kila kitu. Likatoka. Kisha nikamgeukia mbwa, maana rangi ikibaki kichwani wifi ataona imefutwa, atauliza nyingine imeishia wapi, naye ana jicho la kuona doa hata kabla halijaingia. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa nikamsugua mpaka manyoya yakawa safi. Ile bluu ya mgongoni ilikuwa imekauka, haijagusa kitu, nikaiacha. Na msaidizi alikuwa ameniambia, wakati naondoka: "Dada, msimwoshe kabla ya kadi." Nilisikia. Nilijiambia hayo ni maneno ya kawaida tu ya watu wa kliniki. Alasiri wifi akaenda na mbwa dirishani, akarudi na kadi imekunjwa, akaiweka bila kuifungua, mimi nimebaki napiga pasi na kumshukuru Mungu.

Sasa Daktari alikuwa ananitazama. "Wewe dada, si ndiye uliyemshika? Alitoka kwangu na nyekundu, au hakutoka nayo?"

"Nilifumba macho," nikasema. "Naogopa sindano."

Mzee wa kuku akacheka. Wifi hakucheka. Alichukua pumzi, na mimi nikajua kinachokuja, nikatamani ardhi inimeze.

"Basi nimekuelewa, Daktari. Dawa uliiuza. Mbwa wetu ukawachoma maji! Ndiyo maana hutaki kusaini. Jamani, mnamwona huyu? Mwizi wa chanjo! Mwizi mwenye buti!"

Mama wa paka akakivuta kikapu chake karibu. Daktari akawa mweupe midomoni, akanyoosha kidole mlangoni. "Toka. Ijumaa saa nne mlete. Usipomleta namfuata na askari, na nitahakikisha mtaa mzima unatazama."

Njiani wifi alikuwa anawaka moto, na mimi nikiitikia, "Ee, wifi. Kweli, wifi. Mtu mbaya yule." Nilimchukia Daktari kwa moyo wangu wote siku ile. Ukimkosea mtu, kumchukia ni rahisi sana, hebu jaribu utaona.

Alhamisi Bi Pasi alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alifunga kazi. Akavaa gauni lake la kutokea, akazunguka kwa kila mtu aliyekuwa kwenye foleni miezi minane nyuma. Kwa fundi seremala, kwa mwenye duka la dawa, kwa mama wa watoto mapacha. Anagonga, anasimama nje, anauliza: uliona mbwa wangu na rangi nyekundu kichwani? Watu ambao amewasema kwa miaka mingi kwa sababu ya kola na makwapa, sasa wanamtazama kutoka vizingitini mwao. Wengine walimfurahia. Mwenye duka la dawa alimwambia, "Leo umekuja na doa lako, Bi Pasi?" Akaenda mlango unaofuata. Hakuna aliyekumbuka.

Alirudi jua linapotua, miguu imevimba. Aliweka chakula, tukala. Nyama yake yote alimpa mbwa, pale mlangoni, kipande kwa kipande. Kisha akanitazama usoni, bila ukali wowote.

"Wifi. Najua unaogopa sindano. Lakini baadaye, mkiwa njiani. Mkifika hapa nyumbani. Hukumwona kabisa kichwani?"

Ningesema pale. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Nilitazama kabati. Nikasema, "Sikuangalia, wifi."

"Haya," akasema. "Usijali. Siyo kosa lako."

Usiniulize nililalaje.

Ijumaa aliamka akamwosha Kibanio kwa sabuni ya wateja wakubwa, akamchana manyoya. Kamba ya shingoni aliifua juzi yake, imekauka, nyeupe. Tukaondoka naye kwa miguu. Mbwa alikuwa na furaha zake, anasimama kila nguzo. Kliniki ilikuwa imejaa, maana habari za mwizi mwenye buti zilikuwa zimesambaa, na watu wamekuja na wanyama wazima kabisa, hawaumwi chochote, ili waone mwisho. Afisa mifugo alikuwepo na karatasi yake. Daktari alikuwa tayari na bomba kwenye trei.

Wifi akampita afisa, akasimama mbele ya Daktari.

"Daktari. Juzi nilikuita mwizi mbele za watu. Leo nimekuja kukuomba radhi mbele za watu. Nilisema kwa hasira, sina ushahidi. Nisamehe." Na akaanza kupiga magoti. Yule mwanamke, kwenye sakafu ile ya kinyesi cha kuku, na gauni lake la kutokea. "Nihukumu mimi. Mbwa alichanjwa. Nakuomba."

"Inuka, mama," Daktari akasema, lakini akiutazama ukuta. "Radhi nimepokea. Saini siwezi. Sina kumbukumbu."

"Inuka, wifi!" nikapiga kelele, mpaka mwenyewe nikashtuka. "Inuka! Ni mimi! Rangi nimeitoa mimi! Kwa mafuta ya taa!"

Nikasema yote. Shuka, kitambaa, geti, yote. Nilikuwa nafoka kama vile wao ndio wamenikosea. Nilipomaliza Daktari alinitazama kwa dharau iliyokomaa.

"Leo ndiyo umekumbuka? Mtu akitaka kuokoa mbwa anasema lolote."

"Haikuwa duara!" nikasema. "Wengine ulipaka duara, kwa brashi. Huyu ulimchora mistari miwili juu ya jicho la kushoto, kwa kidole gumba, kwa sababu brashi ilikuwa imebebwa mdomoni na dume la muuza mkaa, na wewe ukalikimbiza mpaka kwenye mtaro, ukarudi huna brashi, unatukana. Ukafuta kidole kwenye suruali. Niseme ulitukana nini?"

"Brashi!" msaidizi akapaza sauti. "Kweli, Daktari! Tulinunua nyingine ndipo tukaendelea. Waliopakwa kwa kidole kabla ya brashi mpya ni watatu tu, na mmoja ni huyu!"

Muuza mkaa, nyuma kule, akainamisha kichwa na kusema kwamba ni kweli, dume lake lilitapika rangi siku mbili.

Daktari akakitazama kidole chake gumba muda mrefu. Kisha akavuta karatasi ya afisa, akaandika, akatia saini na muhuri kwa nguvu mpaka trei ikaruka. "Nilikaribia kuua mbwa mzima kwa ajili ya shuka," akaniambia. "Ungesema Jumatano, huyu mama asingepiga magoti kwangu."

"Na wewe unayeandika kadi kwa rangi badala ya kalamu, nyamaza," nikamjibu. Akarudi kwenye mabomba yake. Lakini neno lake lilikuwa limeshaingia, maana wifi alikuwa amesimama pale anafuta magoti, na alikuwa amelisikia.

Tulimwacha Kibanio kwenye banda la kliniki kwa zile siku kumi. Njiani nilikuwa nasubiri mvua ya maneno. Nilikuwa nimeshaikubali: mjinga, mwongo, mnafiki, chukua begi. Nilikuwa naitaka. Haikunyesha. Tulipofika uani akasimama kati ya kamba tupu.

"Jana usiku nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Haya," akasema, akaingia ndani kubadilisha gauni.

Mbwa alirudi siku ya kumi na moja, mzima, amenenepa, akanirukia mimi kwanza kabla ya yeye. Msoma mita amepona, siku hizi anagonga. Daktari amenunua daftari jipya na kalamu, amevifunga kwa uzi kwenye meza ya chanjo, na wateja wa Bi Pasi wanasemwa kama zamani. Mimi pia ananisemesha vizuri. "Wifi, chai. Wifi, umelala salama?" Sauti laini kabisa, kama anayoitumia kwa wageni.

Ila nikifua, anarudia. Wiki ya kwanza nilidhani kola haikutakata, nikaenda kuitazama juani. Ilikuwa nyeupe. Nafua, nasuuza, naanika, nageuka, naye anaanua zile zile zikiwa bado zinadondosha maji, anazirudisha kwenye beseni, anaanza upya na sabuni. Kila nguo niliyoigusa. Juzi nilishindwa, nikamwambia, "Wifi, si unifukuze tu, yaishe?"

Hakuinua uso. "Nikufukuze kwa kosa gani, wifi?" akasema, na akaendelea kusuuza.